Namna ya kula kwenye mgahawa mdogo wa India ya Kusini: mwongozo kwa mliofika Chennai, Vellore, Bengaluru na Kerala

Maswali ni yaleyale kila mtu mpya anapofika huku, awe kamleta mgonjwa au kaja kusoma. Nyama inapatikana kweli? Pilipili inavumilika? Nikiingia naagiza nini? Kwa nini nimeomba dosa, ule mkate mwembamba wa mchele na dengu, saa saba mchana nikaambiwa hamna? Hili jani la mgomba nalifanyia nini? Na wengi wanaishia wiki nzima wanakula mkate na ndizi chumbani loji, au wanatafuta kuku wa kukaanga wa kampuni za Marekani, wakati mtaa huohuo kuna sehemu inapika chakula cha siku hiyohiyo, cha moto, kwa bei ya chini kuliko hiyo kuku. Inaniuma kusema kweli, kwa sababu mtu wa kwetu aliyezoea wali, nazi, ukwaju, samaki na kula kwa mkono tayari ana nusu ya ujuzi wote unaotakiwa.

Kinachokwamisha watu ni vitu viwili tu, saa na mpangilio. Kila chakula huku kina saa yake, na mlo wa mchana unaliwa kwa zamu, hiki kwanza kile baadaye. Ukishika hivyo viwili mengine utayajifunza mezani.

Nitaongea zaidi kuhusu Tamil Nadu, jimbo lenye Chennai na Vellore, na hasa zile sehemu ndogo zinazoitwa mess zinazopika chakula cha Chettinad, yaani cha upande wa mji wa Karaikudi, maana ndizo nyingi Chennai na ndizo zinazowachanganya watu zaidi. Kerala, Andhra na Karnataka nitazigusa huko mbele.

Kabla hujatoka chumbani, uwe na hivi

- Pesa taslimu, noti ndogondogo. Wenyeji wanaskani msimbo wanalipa kwa simu, ila huo mfumo wao wa UPI kwa kawaida unataka akaunti ya benki ya India, na wewe mgeni wa wiki mbili huna. Ukitoa noti ya rupia 500 kwa kahawa ya asubuhi keshia atakuangalia vibaya, na ana haki.
- Chupa ya maji iliyofungwa. Kila meza ina jagi la bati lakini hayo maji tumbo lako bado halijayazoea.
- Kucha fupi, mkono wa kulia safi. Kijiko ukiomba unapewa, ila wali na rasam, ile supu nyepesi, kwa kijiko unahangaika bure.
- Tishu au leso yako. Sinki ipo karibu kila mahali, cha kufutia mikono usikitegemee.
- Kama umeongozana na mgonjwa, masharti ya daktari wake uwe nayo kichwani: chumvi, sukari, mafuta, pilipili. Mhudumu hana muda wa kusubiri ukipiga simu wodini.
- Maneno machache ya Kitamil. Kihindi ulichookota kwenye filamu hakikusaidii sana Chennai, watu wa huku wanaongea Kitamil na baada ya hapo Kiingereza, kwa hiyo bora Kiingereza kifupi kifupi na haya hapa chini.

Mhudumu mwanaume mwite *anna*, ni kaka mkubwa, mwanamke mwite *akka*, dada mkubwa. Maji ni *thanni*. Inatosha ni *podhum*, hili ndilo muhimu kuliko yote utaona kwa nini. Sitaki ni *venaam*. Kidogo ni *konjam*. Ukali wa pilipili ni *kaaram*, na ukitaka upungue sema *kaaram kammi*. Mtindi mzito ni *thayir*, mtindi uliolainishwa kwa maji ni *mor*. Ukitaka kubeba sema *parcel*, kila mtu anaelewa. Na wakitikisa kichwa kushoto kulia kwa ulaini, hiyo ni ndiyo, wamekubali, usirudie kuuliza mara tatu.

Hatua kwa hatua

1. Soma ubao kabla hujavuka mlango. Ubao ukiandikwa Hotel kwa huku mara nyingi hapo ni pa kula, pa kulala tafuta Lodge. Pure Veg maana yake ndani hakuna nyama, samaki wala yai, na usiingie na kuku wako kwenye mfuko ukafungua mezani, ni kosa kubwa sana kwao. Ukiona Non-Veg, Chettinad, Military Hotel au picha ya jogoo, hapo nyama ipo. Mutton huku ni mbuzi mara nyingi, pengine kondoo. Ng'ombe kwenye mess za Tamil Nadu usitegemee na usiulize kwa sauti kwenye sehemu ambayo ukutani kuna picha za miungu yao.

Kwa Waislamu: usidhani, uliza. Sema tu "halal?" wanaelewa. Sehemu za biriani za Waislamu wengi wao wanaandika kabisa halal kwenye ubao, na eneo la Triplicane la Chennai ambalo haliko mbali na hospitali za Greams Road lina nyingi. Ukikosa uhakika ingia pure veg na ule kwa amani, hapo hakuna nyama ya kukutia wasiwasi.

Halafu angalia watu. Sehemu ndogo iliyojaa makarani, madereva na wanafunzi saa saba mchana, meza zinageuka haraka, hiyo ingia. Kwenye ukuta karibu na keshia panatakiwa pawe na leseni ya FSSAI, mamlaka ya chakula ya India, yenye namba ya tarakimu 14, ukiiona ni dalili nzuri.

2. Nenda kwa saa yake. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo soma polepole.

Asubuhi, kama saa moja hadi saa nne au saa tano, ni muda wa wanachoita tiffin: idli, dosa, vada (bajia za dengu), pongal, poori (vijichapati vya kukaanga vinavyovimba). Mchana, saa sita hadi kama saa tisa, ni muda wa *meals*, yaani wali na vitu vyake. Jioni kuanzia saa kumi tiffin inarudi pamoja na kahawa. Usiku ni tiffin tena, na kwenye sehemu za nyama ni parotta, chapati ya tabaka tabaka, na mchuzi. Ndiyo maana umeomba dosa mchana ukaambiwa hamna, jiko lote limekamatwa na wali. Na ukitokea saa tisa na nusu kutafuta meals utakuta wanaosha sufuria. Mess nzuri inapika kiasi chake, kikiisha kimeisha, kwa hiyo lenga saa sita na nusu.

3. Ingia, osha mikono, kaa palipo na nafasi. Usisubiri kukaribishwa. Sinki iko nyuma au pembeni, osha kwanza. Kiti kitupu kwenye meza yenye watu wengine ni kiti chako, kaa, hakuna anayeona ajabu, na wewe mtu akija kukaa mbele yako usishtuke. Sehemu nyingine zina chumba cha AC na cha bila AC, chakula kimoja ila cha AC bei iko juu. Na kuna sehemu unalipa kwanza kaunta unapewa tokeni, kwa hiyo ukiona watu wamepanga foleni kwa keshia kabla ya kukaa, na wewe panga.

4. Andaa jani. Utawekewa jani la mgomba mbele yako, ile ncha nyembamba inakuwa mkono wako wa kushoto na upande mpana kulia. Likiwekwa kinyume ligeuze. Nyunyizia maji kidogo, pangusa kwa kiganja, maji yamwage pembeni. Hapa tumia maji ya chupa yako. Sehemu nyingine siku hizi wanaweka kipande cha jani juu ya sahani ya bati au jani la karatasi, utaratibu ni uleule.

Nusu ya juu ya jani ni ya vitu vidogo: chumvi, achari, mboga kavu inayoitwa poriyal, mboga ya rojorojo inayoitwa kootu, na appalam, ile papadi nyembamba. Nusu ya chini, upande wako, ni ya wali. Usianze kuvichanganya. Achari ni ya kugusa tu kwa ncha ya kidole, ina chumvi na pilipili nyingi, mwenye presha aiache kabisa na hiyo appalam pia.

5. Agiza. Sema "meals" basi. Kama ubao una aina mbili, limited na unlimited, ya pili unaongezewa wali na michuzi mpaka uchoke kwa bei ileile, ya kwanza ni kipimo kimoja. Ila kuna kitu hapa. Kwenye mess za Chettinad mhudumu anakuja na sinia limejaa visahani: kuku wa pilipili manga, mbuzi mkavu anayeitwa mutton chukka, kamba, kaa, kware wa kukaanga, samaki kipande. Anakushushia mbele ya macho uchague kwa kidole. Vinanukia vizuri mno na havimo kwenye bei ya meals, kila kisahani kinalipiwa peke yake. Uliza bei kwanza, chagua kimoja au viwili, vingine sema *venaam*. Akishaviacha mezani na wewe umegusa, vinaingia kwenye bili.

Ushauri wangu kwa mara ya kwanza: chukua *vanjaram fry*. Huyo ni nguru, samaki uleule wa Kilwa na Mombasa, kipande kinapakwa viungo kinakaangwa kwenye bamba la chuma. *Nethili* ni vidagaa, wanakaanga wakavu. *Eral* ni kamba, *nandu* ni kaa, *kaadai* ni kware, *kozhi* ni kuku. Na *sura puttu* ni papa aliyechambuliwa akapikwa na vitunguu na viungo, mtu wa Pemba au Lamu ukikutana naye kwenye sahani utamsalimia kwa jina.

6. Kula kwa zamu. Hapa ndipo penye utamu wote, usiharakishe.

Mhudumu anapita na ndoo za bati. Anamwaga wali katikati ya jani, halafu anakuja mwenzake na mchuzi. Kosa la kila mgeni ni kukubali wali mlima mzima mwanzoni kisha kuumaliza wote na mchuzi wa kwanza, anashiba, ndoo nzuri zinapita anazitazama. Chukua wali kidogo, sema *podhum* na tandaza kiganja juu ya jani, maana bila hivyo hawaachi kumimina. Gawanya kichwani: wali huu ni wa zamu tatu au nne.

Kwenye sehemu ya mboga tupu zamu zinakwenda hivi. Kwanza *paruppu*, mbaazi zilizoparazwa zimepikwa laini, na juu yake samli, changanya na wali kidogo ule. Pili *sambar*, mchuzi wa mbaazi hizohizo wenye ukwaju, mboga na mvuje. Ukikuta ndani yake vijiti virefu vya kijani hivyo ni maganda ya mlonge, usivimeze, pasua kwa meno fyonza nyama ya ndani, makapi weka pembeni mwa jani. Hapa katikati kunaweza kuja *kuzhambu*, mchuzi mzito mweusi wa ukwaju, huo ni mkali na mchachu chukua kidogo. Tatu *rasam*, supu nyepesi ya ukwaju, nyanya, pilipili manga, bizari nyembamba na kitunguu saumu. Rasam inakimbia kwenye jani kama maji, kwa hiyo kabla haijamiminwa tengeneza kishimo katikati ya wali, ikae humo, kanda haraka ule haraka. Au omba kwenye bilauri unywe, ndivyo ninavyopenda mimi, na kwa mtu mwenye mafua au aliyechoka na safari sijaona kinywaji kinachoishinda. Mwisho *thayir* au *mor* na wali wa mwisho kabisa, pamoja na kile kipande cha achari ulichokitunza. Huu wali wa mtindi usiuruke hata kama umeshiba, ndio unaozima moto mdomoni na kutuliza tumbo. Sehemu nyingine wanaleta na payasam, tambi za maziwa na sukari, kabla ya mtindi.

Kwenye mess ya nyama zamu ni fupi zaidi, wali wa kwanza unapewa michuzi ya kuku, mbuzi na samaki, mchuzi bila minofu mara nyingi, halafu rasam, halafu mor. Usimwage michuzi yote mitatu sehemu moja. Kila mmoja na wali wake mdogo, ndipo utaonja kwamba wa samaki una ukwaju zaidi, wa mbuzi una shamari na pilipili manga, na ule wa kuku una harufu moja ya ajabu kama ya mti uliokauka juani. Hiyo inatokana na *kalpasi*, kitu cheusi chepesi kama gome kinachoota juu ya mawe na miti. Wafanyabiashara wa Kichettiar, jamii ya huko Chettinad, walizunguka sana Burma, Sri Lanka na Malaya, ndiyo maana jikoni kwao kuna viungo ambavyo kijiji cha kawaida cha Tamil hakina, ile nyota ya anisi kwa mfano.

Adabu za mkono: mkono wa kulia tu unagusa chakula. Ukishaanza kula mkono huo usishike kijiko cha pamoja wala chombo cha mwenzako, na usimchotee rafiki kutoka kwenye jani lako. Bilauri ya maji unaweza kushika kwa kushoto maana wa kulia umechafuka, hilo wanalielewa.

7. Funga jani, osha, lipa. Ukimaliza kunja jani katikati, ile nusu ya juu ije upande wako. Tamil Nadu hivyo ndivyo unavyoonesha umeridhika, kukunja kwenda mbele, mbali nawe, wanakuhusisha na chakula cha msiba. Usiinue jani kupeleka popote, isipokuwa ukiona wateja wote wanabeba. Osha mikono, chukua bili, nenda kwa keshia. Kodi ya GST kwenye migahawa ya kawaida ni asilimia 5, ukiikuta kwenye bili si wizi. Bakshishi si lazima, ukiacha noti ya 10 au 20 mhudumu atafurahi.

8. Kahawa baadaye. Filter coffee isikupite. Inakuja kwenye bilauri ya bati ndani ya kibakuli cha bati, ya moto kuunguza, wamechanganya maziwa na mara nyingi chikori kidogo kwenye kahawa. Mimina kutoka bilauri kwenda kibakuli, rudisha, mara kadhaa, inapoa na inatoa povu. Wanaweka sukari kabla hujauliza, kwa hiyo mwenye kisukari aseme mapema *sakkarai illaama*, bila sukari.

Ukiwa na hamu ya tiffin tu

Kwa mgonjwa, mtoto na yeyote aliyefika jana, anzia idli. Ni mchele na dengu ndogo za urad, vinasagwa, vinachachuka usiku, vinapikwa kwa mvuke. Hazina mafuta wala pilipili. Chovya kwenye sambar kidogo na chatne ya nazi. Triplicane kuna Ratna Cafe, wapo tangu 1948, wao sambar wanamwaga juu ya idli mpaka zinaogelea, nenda ukaone wenyewe wanavyokula. Pongal ni wali na choroko umepikwa ukalainika, samli na pilipili manga nzima ndani, mzito, ukiula asubuhi hautafuti kitu mpaka mchana. Na ukikuta *kuzhi paniyaram* kwenye sehemu ya Chettinad jaribu, chuma chake cha mashimo kinafanana kabisa na kile cha vitumbua.

Chatne ya nazi iwe ya asubuhi. Jioni ikikufikia na harufu ya uchachu iache, nazi mbichi kwenye joto la Chennai haikai.

Ukiwa jimbo lingine

Kerala: hapa mtu wa Pwani atajihisi nyumbani haraka. *Kappa* na *meen curry* ni muhogo uliopondwa na mchuzi wa samaki mwekundu mchachu. Kuna mchuzi mweupe wa tui unaoitwa stew, unaliwa na *appam*, mkate wa mchele wenye tumbo laini na pembe kavu. Maji wanaleta ya uvuguvugu yenye rangi ya waridi, usiogope, wamechemsha na vipande vya mti wa pathimugam. Nyama ya ng'ombe inapatikana kirahisi sehemu nyingi, na kwa Waislamu wa Malabar, Kozhikode na Thalassery, biriani yao ya mchele mfupi wenye harufu ni ya kufunga safari. Ila kwenye sehemu za Wakristo nguruwe anaweza kuwepo, uliza. Inatosha huku ni *mathi*, maji ni *vellam*.

Andhra: ni kali, nasema kali kweli, Guntur ndiko zinakotoka zile pilipili. Wanaanza kwa unga wa pilipili na dengu unaitwa podi, unachanganya na wali na samli nyingi. Chukua podi ncha ya kijiko, samli usibane. *Gongura*, majani machachu ya jamii ya rozela, yakipikwa na mbuzi ni kitu kizuri sana. Inatosha ni *chaalu*.

Karnataka: waliozoea ugali wa ulezi, hapa mmefika. *Ragi mudde* ni donge la ulezi, linakuja na mchuzi wa mbuzi kwenye military hotel za Bengaluru. Tofauti na kwetu, wao hawatafuni, unamega, unachovya, unameza. Kwa mboga tupu kuna Mavalli Tiffin Room, maarufu MTR, ilianza 1924, na ndio wanaohesabiwa kuleta rava idli ya semolina wakati mchele ulipoadimika kipindi cha Vita vya Pili vya Dunia. Inatosha ni *saaku*.

Na mkiwa Vellore, Ambur haiko mbali, iko barabara ya kwenda Bengaluru. Biriani yake ni ya mchele mdogo wa seeraga samba, inakuja na mchuzi wa bilinganya wenye ukwaju. Changanya hizo bilinganya, usiziache pembeni.

Makosa ninayoyaona sana

Kuagiza fried rice au noodles kwenye mess ya Chettinad kwa sababu jina unalijua. Watakupikia, itakuwa ovyo, halafu utasema chakula cha India kibaya.

Kwenda kumi na mbili kwa pamoja saa saba kamili mkitaka meza moja. Gawanyikeni wawili wawili.

Kukaa mezani kupiga stori baada ya kula. Kuna mtu amesimama nyuma ya kiti chako anasubiri, ondokeni mkanywe kahawa nje.

Kuomba samaki au nyama kwa wingi mwezi wao wa Purattasi, katikati ya Septemba hadi katikati ya Oktoba. Wahindu wengi wanaacha nyama kipindi hicho, baadhi ya sehemu zinapika kidogo, kwa hiyo chagua palipochangamka.

Ikikwama

*Mdomo unawaka.* Maji hayasaidii. Omba *mor* au *thayir*, au weka wali mtupu mdomoni, sukari kidogo pia inafaa. Kesho yake usiache kwenda, badilisha tu sehemu, nenda pure veg ukaanze na paruppu na samli.

*Mhudumu haelewi "isiwe na pilipili".* Michuzi imeshapikwa tangu asubuhi, hawezi kuitoa pilipili. Badala ya kubishana agiza vitu ambavyo kwa asili havina: idli, idiyappam (tambi za mchele za mvuke) na maziwa ya nazi, wali wa mtindi, dosa kavu ukisema *plain dosa*, yai la kuchemsha. Mess nyingi zina na omleti, hiyo inapikwa palepale, sema bila pilipili na itawezekana.

*Tumbo limevurugika.* Siku moja mbili kula wali wa mtindi na idli, kunywa ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, inauzwa kila duka la dawa. Kama ni mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji, au kuna homa au damu, usitibu kwa chakula, rudi hospitali siku hiyohiyo.

*Hakuna anayeongea Kiingereza na menyu iko Kitamil tupu.* Angalia majani ya majirani, nyooshea kidole, sema *anna, idhu*, yaani hiki. Hawachukii, mara nyingi na jirani mwenyewe atakuelekeza kwa mikono uchanganye nini na nini, mkubalie.

*Bili imekuja kubwa.* Hesabu visahani vya lile sinia kwanza. Kama kuna kisahani hukugusa sema hapohapo kabla hujalipa, wanakitoa bila ugomvi.

*Mgonjwa hawezi kutembea.* Nenda wewe, sema *meals parcel*. Utapewa wali umefungwa kwenye jani na karatasi, na kila mchuzi kwenye kifuko chake kilichofungwa kwa uzi. Beba na bakuli tatu safi za kumiminia, kata kifuko kwenye kona kwa mkasi ukiwa umekishikilia juu ya bakuli, usifungue lile fundo la uzi kwa meno maana rasam yote itaishia kwenye shuka. Na umlishe kwa zamu zilezile, mtindi mwisho.